Soda, Fanta, Sukre: Mtoto Amekunywa Nini?

Leo katika ukurasa wetu wa afya tuzungumze juu ya majina ya vinywaji. Huenda mtu akauliza: majina yanahusu nini na afya? Yanahusu sana, hasa mtoto anapoharisha.

Hapa Tanzania, na Kenya vilevile, kinywaji cha chupa chenye gesi na kisicho na kileo tunakiita soda. Ukivuka mpaka kuingia Burundi au Rwanda utasikia watu wakiviita vyote fanta, hata kile cheusi. Ndugu zetu wa Kongo husema sukre. Neno hilo limetoka katika Kifaransa, na maana yake ni kitu kilichotiwa sukari. Kwa maoni yangu hilo ndilo jina la kweli kuliko yote.

Mkoani Kigoma majina haya matatu yamekutana. Wakimbizi wa Kongo walipokelewa katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, mwaka 1996, na Warundi wengi wakaingia mwaka 2015. Mahali kama hapo mganga na mama mgonjwa huweza kuongea hivi:

"Mama, mtoto amekunywa nini tangu jana?"

"Nimempa fanta, daktari."

"Ya machungwa?"

"Hapana, nyeusi."

Hapo hakuna hasara kubwa, maana nyeusi na ya machungwa zote ni maji ya sukari. Taabu iko kwenye neno juisi. Mama mmoja akisema juisi ana maana ya embe alilokamua mwenyewe. Mwingine ana maana ya unga wa rangi wa pakiti uliokorogwa na maji. Watu wa pwani wana sharubati, nayo ni maji ya matunda yaliyotiwa sukari. Huko Bukoba lubisi ni pombe ya ndizi, lakini kwa Waganda mubisi ni maji ya ndizi mbivu ambayo hayajachachuka. Majina yanafanana kama mtu na nduguye, ila kimoja kinalewesha. Togwa nayo, uliza imekaa siku ngapi.

Tena kuna "soda ya moto". Mgeni atadhani imechemshwa. Sivyo. Ni soda ambayo haikuwekwa kwenye baridi, na sukari yake ni ile ile.

Sasa tupime. Soda nyingi za chupa ya mililita 350 zina gramu 35 hivi za sukari, yaani karibu vijiko 9 vya chai. Maji ya chumvi na sukari ya kumpa mtoto anayeharisha yana vijiko 6 tu vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chumvi, katika lita moja nzima ya maji safi. Vijiko vyote viwe vya kusawazishwa, si vya kulundika. Sukari ikizidi, huvuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza katika utumbo, na mtoto huharisha zaidi. Chumvi aliyoipoteza haimo katika soda, au imo kidogo mno. Ndiyo maana mama anaweza kusema, "Amekunywa chupa mbili," na bado macho ya mtoto yamebonyea.

Pakiti ya ORS ya zahanati ni bora kuliko ile ya kukoroga nyumbani. Pakiti ya lita moja ikorogwe katika lita moja kamili. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila aharishapo, kidogo kidogo kwa kijiko. Vidonge vya zinki huendelea kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma. Maziwa ya mama yasikatishwe. Uji mwepesi na maji ya dafu yasiyotiwa sukari vinafaa pia. Mtoto akishindwa kunywa, akilegea, au akitoa damu katika choo, usingoje.

Wenye kisukari nao hupotezwa na majina. Mzee akiambiwa, "Acha soda," huacha soda kweli, kisha hunywa glasi tatu za juisi ya pakiti kwa amani. Sisi waganga tuseme tukitaja kilichomo: soda, fanta, sukre, juisi, sharubati, chai ya sukari.

Neno soda lina hatari nyingine. Mtoto mdogo hulipata kutoka kwenye chupa. Kwake, chupa ya soda ni soda, hata kama ndani mmetia mafuta ya taa au kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Vitu hivyo viwekwe katika vyombo vingine, juu, mbali na mkono wake. Akinywa, asitapishwe. Apelekwe zahanati upesi, na chupa hiyo ichukuliwe ili mganga aone kilichokuwa ndani.