Hatari ya Moto katika Mafuta ya Mitambo

Watu wengi hudhani kwamba mafuta mazito ya mashine hayana hatari kama petroli. Hata njiti ya kiberiti ikitumbukia katika debe la mafuta hayo, mara nyingi huzimika. Kwani mengi yake hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yapate joto la kadiri ya digrii 200 za sentigredi. Lakini tusidanganyike kwa hayo.

Tulitazame gogo la mti. Njiti moja haiwezi kuliwasha; bali likichanwa vibanzi vyembamba, huwaka mara moja. Mafuta nayo ni vivyo hivyo. Katika mitambo mingi mafuta husukumwa ndani ya mabomba kwa nguvu nyingi, ili yainue mizigo au yakaze breki. Bomba likitoboka, ijapokuwa tundu ni dogo kama la sindano, mafuta huruka kama ukungu, na kila tone huzungukwa na hewa. Ukungu huo ukikutana na cheche, huwaka ghafula. Kadhalika tambara lililolowa mafuta huwa kama utambi wa taa.

Tarehe 8 Agosti, 1956, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Bois du Cazier, huko Marcinelle, nchi ya Ubeligiji, kigari kilichopakiwa vibaya kilitokeza nje ya kizimba cha kupandishia. Kizimba kilipoondoka, kigari kiligonga boriti, nayo ikavunja bomba la mafuta, nyaya za umeme na bomba la hewa iliyoshindiliwa. Umeme ukatoa cheche, mafuta yakawaka, hewa ikachochea moto, na moshi wenye sumu ukaenea mgodini. Watu 262 walikufa. Baada ya msiba huo, migodi ya Ulaya ilihimizwa kutumia badala ya mafuta vimiminiko visivyoshika moto upesi, kama vile vyenye maji ndani yake.

Basi sisi tutumiao matrekta, motokaa na mashine za kusaga, yatupasa kuangalia mabomba kila siku, kupangusa mafuta yaliyomwagika, na kuweka matambara mbali na injini yenye moto. Mafuta yakivuja, kwanza tuzime mashine, ndipo nguvu iyasukumayo ikome. Yakiwaka, tusimwage maji, maana hutawanya moto. Tuyafunike kwa mchanga. Bomba bovu hutengenezwa kwa saa moja, bali uhai wa mtu haurudishwi.