Mkeo kiti cha mbele, mzigo nyuma: Kariakoo hadi Tunduma

WAAMBIE vijana wa mjini kwamba kuna jamaa anasafiri kikazi na mkewe, watakucheka mpaka machozi yawatoke. Kwa wengi wetu safari ya kazi maana yake ni kupumua kidogo. Mtu anaaga nyumbani asubuhi kwa sura ya huzuni, akifika Chalinze tu anawasha muziki na kufungua vifungo viwili vya shati. Mke na safari ya kazi wapi na wapi, bwana?

Basi wapo waliothubutu. Ni wanandoa wa Magomeni, Dar es Salaam, ambao wamekubali niandike habari zao kwa sharti moja tu, kwamba majina yao niyaache mfukoni. Wana umri wa miaka thelathini na ushee, watoto wawili na Noah ya mkono wa pili ambayo viti vyake vya nyuma viling'olewa zamani kupisha mzigo. Kazi yao ni kuchukua wigi, rasta na mafuta ya nywele Kariakoo na kuyasambaza kwenye saluni na maduka ya urembo katika barabara kuu ya kwenda Zambia, mengi kwa mali kauli. Unaacha mzigo leo, unachukua chako mwezi ujao.

Kwa miaka mitatu mume alikuwa akienda peke yake, siku sita kila mwezi. Mke alibaki na watoto, na mawazo. Simu ikizimwa usiku, yeye usingizi hana. Zaidi ya hapo, hesabu zilikuwa haziji sawasawa. Mzigo unaondoka wote, pesa zinarudi pungufu, na jibu ni lile lile: "Wateja wa mikoani wagumu, mke wangu." Ugomvi ulifika mpaka kwa wazee. Ndipo mwanamke akasema neno moja tu: safari ijayo tunakwenda wote, watoto watabaki kwa bibi yao, na daftari nitashika mimi.

Mume hakuwa na pa kutokea. Lakini naye mjanja, akasema kama ni hivyo basi tusiende kama magunia, tutazame na nchi. Hapo nampa pongezi. Mtu amepita njia hiyo zaidi ya mara thelathini na hajawahi kusimama isipokuwa kula chipsi na kujaza mafuta!

Siku ya kwanza waliteremsha mzigo Morogoro, wakaingia Mikumi jua likiwa bado lipo. Msomaji ambaye hujapita huko ujue kwamba barabara kuu inakata katikati ya hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa takriban kilomita 50, na kupita tu hulipi kitu. Twiga, pundamilia na swala utawaona ukiwa umekaa ndani ya gari lako, na tembo ukiwa na bahati. Ila ukimgonga mnyama faini yake si ya kitoto, kwa hiyo vile vibao vya mwendo usivifanye pambo. Bibie, mzaliwa wa mjini kabisa, alikuwa hajawahi kumwona tembo ila kwenye noti. Anasema alimshika mumewe mkono, kitu ambacho walikuwa hawajafanya tangu vikao vya wazee vianze.

Kesho yake wakashika njia ya Iringa. Ruaha Mbuyuni walinunua vitunguu, maana hapo ndipo penyewe, na mibuyu imejipanga mabondeni kama watu wanaosubiri basi. Kisha ukaja mlima Kitonga. Kona juu ya kona, malori yanapanda kwa kunguruma, na ukiona matawi yametandazwa barabarani jua mbele kuna gari limekwama. Huko juu, kabla ya mji, kuna mnara wa Lugalo. Wangapi kati yetu tunapita kambi ya Lugalo pale Dar kila siku bila kujiuliza jina limetoka wapi? Ni hapo Wahehe wa Mkwawa walipokivamia kikosi cha Wajerumani mwezi Agosti 1891 na kumuua kamanda wao, Zelewski.

Iringa ndiko raha ilikoanza, na ndiko biashara ilikoonyesha ajabu yake. Wenye saluni waliomzoea mume walikuwa wanaagiza ile ile miaka yote. Safari hii wakakaa na mwanamke mwenzao, wakashika wigi, wakaulizana ipi inakaa vizuri na ipi inanyonyoka baada ya wiki mbili. Oda ikaongezeka karibu mara mbili. Mume anasema alikaa kwenye benchi la wateja kama mtoto aliyepelekwa kunyolewa.

Jioni hiyo walifika Kalenga, mwendo mfupi nje ya mji, kulikuwa na ngome ya Mkwawa. Fuvu lake lipo pale kwenye makumbusho. Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898 asikamatwe, kichwa kikachukuliwa Ujerumani, na ingawa mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitaka fuvu lirudishwe, lilirudi mwaka 1954 tu, likiletwa na Gavana Twining. Mume alikuwa anadhani ni hadithi za darasani. Usiku walipanga chumba gesti. Walipojiandikisha mke na mume, binti wa mapokezi alikazana kutazama kalenda ukutani asicheke. Tumefika mahali ambapo mtu akilala gesti na mkewe wa ndoa ndiye anayeonekana kituko!

Asubuhi ya Jumatano walipita Isimila, kama kilomita 20 kutoka Iringa kwa njia ya Mbeya. Kuna zana za mawe za watu wa kale, zinazokadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 200,000, na nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua na upepo. Bibie alipiga picha mpaka simu ikaishiwa chaji.

Mchana wakawa Makambako, na hapo safari ikabadilika ladha. Mwenye duka mmoja alipoonyeshwa deni lake alishangaa. "Anti, mbona mimi kila mwezi namlipa shemeji laki tatu taslimu?" Akatoa kijidaftari chake. Daftari la nyumbani lilisoma laki mbili. Miezi minne mfululizo, laki moja inapotea kila mwezi. Mume alikuwa nje akifunga turubai, na alipoingia, kwa sura zilizomtazama, alielewa.

Kutoka Makambako mpaka Mbeya ni masaa ya kutosha, na hawakusemezana. Mwanamke alikuwa ameshahukumu moyoni: kuna nyumba ndogo. Nyie mnaosoma hapa nanyi mmeshahukumu, nawajua.

Alhamisi waliingia Mbozi, ambayo sasa iko mkoa wa Songwe, kwenda kuona kimondo. Ni donge la chuma lililoanguka kutoka angani, urefu wa zaidi ya mita tatu, uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Hapakuwa na watu wengi. Mume alikaa chini karibu na lile donge, akasema. Pesa zilikwenda kwa mdogo wake, Njombe, aliyeachishwa kazi akiwa na watoto watatu. Akampigia simu hapo hapo, akaweka spika, na mdogo mtu bila kujua anasikilizwa na nani akaanza kushukuru kwa karo.

"Ungeniambia ningekataa?" mke aliuliza.

"Ungesema ndugu zangu wanatumaliza."

Bibie ameniambia mwenyewe, bila kuficha, kwamba ndivyo angesema. Alishawahi kuyasema maneno hayo mbele ya wazee. Lakini hakumwachia. Kusaidia ndugu ni sawa, alimwambia, kunifanya mjinga kwa daftari langu si sawa, na ningekuwa sijaja ningeendelea kuwachukia wateja wa mikoani mpaka kufa. Mimi hapo niko upande wake. Jamaa alikuwa na miezi minne ya kufungua mdomo.

Tunduma walimaliza mzigo, wakatazama malori yanayosubiri kuvuka kuingia Zambia, wakala samaki, wakageuza. Kurudi walizungumza, tena kwa sauti, ila mara hii juu ya karo: kiasi gani kwa mwezi, mpaka lini, na kiandikwe ukurasa gani. Wateja sasa wanalipa kwa simu, namba ni ya mama mwenye nyumba. Mwezi ujao wanaondoka tena pamoja na wanabishana kama wapite Ziwa Nyasa.

Laki nne za Makambako nazo ziliandikwa. Zipo kwenye orodha ya wadaiwa, chini ya saluni ya Mafinga, kwa jina la mume, na hadi naandika makala haya amebakiza elfu arobaini.