Saa Mpya Ikikwaruza, Tuseme Nini?

Saa ya mkono ya kutia ufunguo imekuwa nadra katika maduka ya Voi tangu saa za betri, na baadaye simu, zilipoenea. Hata hivyo haijatoweka. Wapo walimu, kutoka Wundanyi hadi Taveta, ambao bado huipendelea kwa kuwa haidai betri. Nimewasikia baadhi yao wakirejesha saa mpya dukani na kusema neno moja tu: "Imeharibika." Muuzaji huizungusha mara mbili, huitega sikio, kisha huirudisha: "Mbona nzima hii, mwalimu?" Mjadala huishia hapo. Naona kwamba kilichopungua si haki ya mnunuzi, bali ni msamiati wake.

Kiswahili si maskini katika jambo hili. Utepe wa chuma unaojikunja ndani ya saa na kuiendesha huitwa kamani, neno lenye nasaba na Kihindi, ambalo chimbuko lake ni neno la Kiajemi lenye maana ya upinde. Mshale unaoonyesha wakati huitwa akrabu, yaani nge kwa Kiarabu. Maneno haya yamo kamusini. Hayamo vinywani mwa wanafunzi wetu.

Tuyatumie basi. Unapozungusha kitufe cha pembeni, kamani hujikunja, na jino dogo huizuia isijikunjue; ndio mlio usikikao. Mwanzoni kitufe huwa chepesi, kisha huwa kizito kidogo kidogo. Baada ya mizunguko ipatayo 20 hadi 40, kitufe hugoma. Kugoma huko si kasoro: kamani imejaa, na anayelazimisha huenda akaiharibu. Saa inayojijaza kwa mtikisiko wa mkono haigomi, kwa sababu ncha ya kamani yake imeundwa iteleze.

Kasoro nazo zina hisia zake. Kitufe kikizunguka bila uzito wowote hata baada ya mizunguko mingi, yamkini kamani imekatika au imechomoka. Kurudi nyuma kidogo ni kawaida. Kikirudi kwa kasi ukikiachia, shuku lile jino la kuzuia. Kikikwaruza kana kwamba kimetiwa mchanga, huenda mafuta yamekauka au vumbi limeingia, na mkazi wa Voi hahitaji kuelezwa habari za vumbi jekundu ambalo huwapaka rangi hata ndovu wa Tsavo. Kikirukaruka, huenda meno ya magurudumu hayashikani vyema. Aidha, saa kwenda mbele au kubaki nyuma sekunde kadhaa kwa siku si ajabu. Ikikimbia dakika nyingi kwa ghafla, huenda imeingiwa na sumaku, kwa mfano ya spika ya redio.

Tofauti kati ya kukwaruza, kuteleza, kugoma na kuruka si pambo la lugha. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, kwa jumla humpa anunuaye kwa mfanyabiashara haki ya kupata bidhaa yenye ubora ufaao kuuzwa. Lakini aliyeikagua hawezi kuegemea haki hiyo kwa kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua. Kwa hiyo ni heri kuisikiliza saa kwa vidole kabla ya kutoa fedha, na kuitaja kasoro kwa jina lake papo hapo.

Walimu wenzangu, hapa pana somo zuri la insha ya maelezo. Leteni darasani saa kuukuu. Kila mwanafunzi aizungushe akiwa amefumba macho, kisha aandike sentensi tano, kila moja na kitenzi chake, na neno "imeharibika" lipigwe marufuku. Atakayeweza leo kueleza kinachoisibu saa, kesho ataweza kumweleza daktari kama maumivu yake yanachoma, yanakereketa au yanavuta. Na huko, kukosa neno kuna gharama kubwa kuliko bei ya saa.