Vidoa vyeusi kwenye bidoni mpya: uchafu uliingia wapi?

Bidoni ni mpya, ya njano, lakini ina vidoa vyeusi. Ukivikwangua havitoki: viko ndani ya plastiki yenyewe.

Kiwandani, anayetafuta chanzo huuliza kwanza: vilianza lini? Vikitokea mashine inapowashwa tena baada ya umeme kukatika, mara nyingi ni plastiki iliyobaki ndani, ikaungua, na sasa inabanduka kidogo kidogo. Hapo husukumwa plastiki safi mpaka itoke bila doa. Vikianza baada ya kufungua gunia jipya, gunia ndilo la kuchunguzwa.

Plastiki iliyookotwa ina hatari nyingine. Ile ya bidoni huyeyuka karibu digrii 130. Ya chupa za maji karibu 250. Kipande cha chupa kikiingia, kinaweza kubaki kigumu kama kijiwe, na bidoni ikapasukia hapo.

Kinga yake ni pipa la maji. Plastiki ikishasagwa, vipande vya bidoni huelea, vya chupa huzama. Ni kazi ya kufanya kabla ya kuyeyusha. Baadaye, hasara inamfuata mama anayeteka maji.