Uganga Uwe Kazi ya Mchana

Kati ya kazi zote wafanyazo wananchi wa Mkoa wa Katavi, hapana iliyo na sura mbili kama uganga wa miti shamba. Mchana mganga huitwa mshirikina. Usiku huyo huyo huitwa babu, na wanaobisha hodi mlangoni pake ni wale wale waliomcheka asubuhi. Mwalimu huenda, karani huenda, hata kiongozi wa tawi huenda, kila mmoja akitumaini kwamba mwenzake hamwoni. Hali hii haimfai mgonjwa, haimfai mganga wa kweli, wala haiufai umma. Yamfaa mtu mmoja tu, naye ni laghai.

Tuanze na haki ya wenye shaka, maana shaka yao haikuzuka hewani. Tangu miaka ya 2000 kuelekea mwisho, nchi yetu ilipata aibu kubwa ya kuuawa kwa ndugu zetu wenye ualbino, kwa sababu ya watu waliodanganya kwamba viungo vya binadamu huleta utajiri. Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Mizengo Pinda, mwana wa Mpanda mwenyewe na Mbunge wa Mpanda Mashariki, alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi nchini kote. Marufuku hiyo haikudumu, lakini fundisho lake limebaki: siku hiyo mzee aliyejua mzizi wa kutuliza tumbo la mtoto alitiwa katika kapu moja na mfanya biashara ya damu, kwa kuwa umma haukuwa na njia ya kuwatenganisha.

Ongeza juu ya hayo vikongwe waliouawa katika mikoa ya magharibi na ya ziwa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni walizowapikia watoto na wajukuu. Nani aliyewanyoshea kidole? Mara nyingi ni mpiga ramli. Basi mwananchi anayeogopa neno "mganga" tusimwite mjinga. Ameona.

Lakini kuona hakutoshi, yatupasa kupambanua. Katika lugha yetu maneno haya hayakuwa kitu kimoja kamwe. Mganga ni mwenye kuponya. Mchawi ni mwenye kudhuru. Mpiga ramli ni mwenye kudai kwamba amjua aliyedhuru. Huyu wa tatu ndiye anayevunja vijiji. Katika miaka ya karibuni vijiji vya Katavi vimesumbuliwa na watu waitwao lambalamba, waingiao kwa ngoma na kishindo, wakidai kuwafichua wachawi nyumba kwa nyumba. Wanakijiji huchangishwa fedha za kuwalipa, mzee fulani huaibishwa mbele ya wajukuu wake, kisha wageni hao huondoka na ugomvi hubaki.

Wala jambo hili si geni. Katika miaka ya 1930 walitokea Nyasaland watu walioitwa mchape, wakaenea Rhodesia ya Kaskazini na kuivuka mipaka, wakinywesha watu dawa ya kuondoa uchawi. Ufipa, jirani na Mpanda, ilivamiwa na kamchape mwaka 1963 na 1964, na mtaalamu Roy Willis aliandika habari zao mwaka 1968. Kama dawa ile ingekuwa ya kweli, uchawi ungalikwisha zamani na wajukuu wa walionyweshwa wasingalichangishwa tena. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mganga Mwafrika aliyeitwa Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, akaibwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria, akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta. Pale Karema alitibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956, yaani kwa muda wa miaka 67. Tusisahau kwamba katika siku zile dawa ya chupa ndiyo iliyokuwa ngeni, na ya mizizi ndiyo iliyozoeleka. Mwenye kutiliwa shaka alikuwa ni huyu mwenye elimu ya Malta. Twajifunza nini kwake? Kwamba mganga aliyekaa mahali pamoja miaka 67 ameishi chini ya macho ya majirani zake. Waliopona walionekana, na waliokufa walizikwa kwa kujulikana. Lambalamba haweki rehani ya namna hiyo hata kwa juma moja.

Tena mti si ushirikina. Kwinini, iliyookoa watu wengi wasife kwa malaria, ilitoka katika gamba la mti wa Amerika ya Kusini. Dawa ya mseto itolewayo leo katika zahanati zetu ina asili yake katika mmea wa artemisia, uliotumiwa na waganga wa China tangu kale. Bibi Tu Youyou, aliyeichunguza siri yake kwa njia za sayansi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hapa kwetu kitengo cha uchunguzi wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, nacho kikawa Taasisi kamili mwaka 1991. Na huko Tanga, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, watumishi wa Hospitali ya Bombo na waganga wa jadi walishirikiana kuwatunza wagonjwa wa UKIMWI, wakati ambapo wengi waliogopa hata kuwagusa.

Basi kijana wa Inyonga, wa Usevya au wa Mwese ambaye babu yake amempa mkoba, na ambaye ataka kufanya uganga uwe kazi ya maisha yake, afanye nini kati ya majirani wenye shaka?

Kwanza, aishike sheria. Sheria Namba 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na kuamuru kila mtoa tiba aandikishwe. Cheti hakiponyi mtu, ni kweli. Lakini humtenga mwenye nacho na mwenye kujificha, na humpa mgonjwa mahali pa kushitaki.

Pili, aache ramli. Asimtaje jirani wa mtu kuwa ndiye chanzo cha ugonjwa. Mganga atafutaye mwenye kosa badala ya dawa ameacha uganga na kushika fitina, na Sheria ya Uchawi, iliyotoka kwa wakoloni mwaka 1928 na ingali ikitumika, inamhusu.

Tatu, ajue mpaka wa elimu yake. Hapa ndipo roho za watu zipotelapo. Katika sehemu nyingi za nchi yetu mtoto akishikwa na degedege wazazi hukimbilia kwa mganga, wakiamini kwamba sindano itamwua. Degedege mara nyingi ni malaria kali iliyopanda kichwani, na kila saa ipitayo ni hatari. Mganga aliye mkweli atasema, "Huyu si wangu, mpelekeni hospitali sasa hivi," naye ataheshimiwa zaidi kwa mgonjwa mmoja aliyempeleka kuliko kwa kumi aliowashikilia. Mganga hajigangi, walisema wazee. Basi kama yeye mwenyewe huhitaji mkono wa mwingine, aibu ya kumtuma mgonjwa kwa mwingine yatoka wapi?

Nne, afanye kazi yake waziwazi. Apime dawa yake kwa kipimo kinachojulikana, aandike katika daftari alichompa mgonjwa na jinsi alivyoendelea, amwulize kama anatumia vidonge vya hospitali. Wazee wetu walipokea kiingia porini, kitu kidogo tu, na shukrani ya kweli ikaja baada ya mgonjwa kupona. Desturi hiyo ilikuwa na busara kubwa kuliko bei za leo zidaiwazo kabla hata mgonjwa hajaketi.

Wajibu hauko kwa mganga peke yake. Mtumishi wa zahanati amwulizaye mgonjwa kwa dharau ametumia nini humfundisha kusema uongo, na uongo huo huweza kumwua, kwa kuwa dawa mbili zisizojuana zaweza kudhuru ini na figo. Aulize kwa upole, ataambiwa. Na miti yenyewe yaisha: misitu ya miombo yafyekwa kwa tumbaku na mkaa, na mninga ukikatwa wote, mwenye elimu na asiye na elimu watakuwa sawa.

Nanyi wanachama, hasa wenyeviti wa vijiji na mabalozi wa nyumba kumi, neno letu kwenu ni moja. Asitoke kiongozi wa Chama akasimamia mchango wa kumlipa mfichua wachawi, hata kijiji kizima kikipiga kelele. Kuongoza ni kusimama mbele ya kikongwe anayetuhumiwa, siyo nyuma ya umati. Wakati huo huo asitoke kiongozi akamfukuza mzee wa miti shamba aliyeandikishwa na asiyemdhuru mtu, kwa kutaka kuonekana mstaarabu.

Tangu siku za TANU tumepigana na ujinga, maradhi na umaskini kwa pamoja, kwa kuwa tulijua kwamba maadui hawa hutembea wakishikana mikono. Anayeponya aponye mchana, mlango wake ukiwa wazi na jina lake likiwa limeandikwa. Asiyeweza kufanya hivyo, wananchi wa Katavi wasimfungulie usiku.