Nyota Nyekundu, Maskini wa Chuma

Ukipita kwa mafundi wa jua kali mjini Kitale au Bungoma, simama kidogo mtu anapofua jembe. Chuma kikishika moto huwa chekundu, kikizidi huwa cha manjano, kisha hukaribia weupe. Fundi hahitaji kukigusa ili ajue joto lake, macho yamtosha. Wanafalaki, yaani watu wa elimu ya nyota, hufanya vivyo hivyo. Nyota nyekundu ni zile zenye joto dogo. Wao huziita nyota baridi, ingawa baridi yenyewe ni ya nyuzi 3,000 hivi za Selsiasi, ambayo ingeyeyusha jembe na fuawe lake!

Ngoja mwisho wa Januari, mahindi yakiwa yameingia ghalani na mbingu zimetakata. Mnamo saa nne za usiku tazama kusini. Ukiwa Bungoma, upe mlima Elgon kisogo. Ukiwa Kitale, mlima uwe kuume kwako. Utaona nyota kubwa nyeupe ambayo mabaharia wa pwani huiita Suheli. Nyosha mkono, ukunje ngumi. Upande wa kuume wa Suheli, juu kidogo, umbali wa kama ngumi moja na nusu, ipo nyota ambayo hutaiona kwa macho matupu. Inataka darubini. Inaitwa Nyota ya Kapteyn.

Jacobus Kapteyn alikuwa Mholanzi. Hakuwa na darubini yake mwenyewe. Alipima nyota katika picha zilizopigwa Cape, Afrika Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1890 ikagunduliwa kwamba nyota hii haikai mahali pake. Inakwenda mbio angani kuliko karibu nyota zote tuzijuazo, hata kwamba katika miaka 200 na kidogo hupita nafasi sawa na upana wa mwezi. Iko jirani, umbali wa miaka ya nuru isiyofika 13. Mwanga utakaouona uliondoka huko kabla mwanao wa darasa la sita hajazaliwa.

Sasa utauliza: kitu kilicho mbali hivyo kitajulikanaje kimeumbwa kwa nini? Chukua santuri ya CD, uielekeze kwenye taa ya umeme wa nyumbani (si kwenye jua, utaharibu macho). Rangi za upinde wa mvua zitatandazika. Kwa balbu ya zamani ya waya zitaungana. Kwa taa ya mrija zitatengana vipande vipande, kwa sababu ya zebaki iliyomo. Mwanafunzi aliyewahi kunyunyiza chumvi katika moto wa maabara akaona umanjano anajua habari hii. Kila elementi ina rangi zake. Mwaka 1859 Wajerumani wawili, Kirchhoff na Bunsen, walionyesha kwamba mistari myeusi katika mwanga wa Jua ni alama za elementi hizo hizo. Elimu hiyo ndiyo spektroskopi.

Ulimwengu ulipoanza, miaka bilioni 13.8 iliyopita, ulikuwa karibu wote hidrojeni na heli. Chuma cha jembe, kalisiamu ya mifupa yako, vilipikwa baadaye ndani ya nyota. Kwa hiyo nyota iliyozaliwa mapema ilizaliwa maskini. Wanafalaki huita kila kitu kisicho hidrojeni wala heli "metali", hata oksijeni. Mwalimu wa kemia angekutoa darasani kwa jibu hilo. Nyota ya Kapteyn haina hata robo ya metali za Jua letu. Inakadiriwa kuwa na umri wa miaka kama bilioni 11, na Jua lina 4.6 tu. Uzito wake hauzidi theluthi ya Jua, kwa hiyo hutumia moto wake kwa ubahili mno.

Kuusoma umaskini huo si rahisi. Katika nyota baridi atomu hupata nafasi ya kushikana, na alama zake hufunika mistari mingine kama kalamu iliyomwaga wino. Lakini wino huo nao una habari. Oksidi ya titaniamu inahitaji metali mbili zikutane, titaniamu na oksijeni. Hidridi ya kalisiamu inahitaji moja tu, kwani hidrojeni iko tele. Metali zikipungua, ile ya kwanza hudhoofika upesi kuliko ya pili. Kwa kulinganisha alama hizo mbili, John Gizis wa Marekani alizipanga nyota hizi katika mafungu mwaka 1997, na mwaka 2007 likaongezwa fungu la zile fukara kabisa.

Mwaka 2014 zilitangazwa sayari mbili kwenye Nyota ya Kapteyn. Hebu fikiria, dunia yenye umri zaidi ya mara mbili ya yetu! Mwaka uliofuata wengine walipinga habari za moja kati yake, na mwaka 2021 vipimo vilipochambuliwa upya ikasemwa kwamba mtikisiko ule ulitokana na nyota yenyewe inavyojizungusha polepole, wala hakuna ushahidi wa sayari yoyote.