Hina, Piko na Mafuta ya Karafuu

Ndugu Wanachama,

Mafuta ya karafuu zetu hutiwa pia katika hina ya maharusi. Yafaa basi sisi wenye mikarafuu tujue yafanya kazi gani humo, na tuijue hatari ya piko, isije ikatuharibia jina.

Majani ya mhina yana rangi iitwayo losoni. Yakisha kukaushwa, yakatwangwa na kukandwa kwa ndimu, ukali wa ndimu huitoa rangi ile taratibu. Sukari huizuia hina isikauke upesi ikabanduka. Matone machache ya mafuta ya karafuu huifanya ikolee zaidi.

Hina ikipakwa, losoni huingia katika tabaka la juu la ngozi, lililokwisha kufa, ikashikana na keratini, kitu kile kile kifanyacho kucha na nywele. Ikibanduliwa huonekana rangi ya chungwa, kisha hukolea kwa siku moja au mbili hata ikawa hudhurungi. Viganja na nyayo hukolea zaidi kwa kuwa ngozi yake ni nene. Tabaka hilo hupukutika kidogo kidogo kila siku, na kwa hiyo baada ya wiki moja hata tatu hina hupotea. Wino wa sindano hufika ngozi ya chini, ndiyo sababu haufutiki. Tena, rangi ya hina si utando juu ya ngozi, kwa hiyo haizuii maji ya udhu.

Piko ni jambo jingine. Mara nyingi ni rangi ya nywele yenye dawa iitwayo PPD. Katika nchi za Umoja wa Ulaya rangi ya nywele ikitiwa kichwani haipasi kuwa na zaidi ya sehemu 2 katika 100 za dawa hiyo, na kuipaka ngozini ni marufuku. Mtu huweza kupakwa mara ya kwanza asidhurike, kumbe mwili umejifunza kuikataa. Mara ya pili akatoka malengelenge na kubaki na makovu. Tangu hapo hata rangi ya nywele huweza kumdhuru maisha yake yote.

Dalili yake ni hii: hina safi haiwi nyeusi tititi, wala haikolei kwa saa moja. Mkiona hivyo, kataeni.

Watoto wachanga wasipakwe hata hina safi. Wako wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, usio adimu katika nchi za malaria, na hina huweza kuvunja chembe nyekundu za damu yao.

Mwisho, auzaye mafuta ya makonyo amweleze mpambaji kuwa ni makali: matone machache kwa bakuli, wala yasipakwe matupu, yataunguza ngozi. Bibi harusi akiungua kwa piko, watu wasije wakasema ni karafuu.

Wassalaam,
Katibu wa Chama